Ajue kabla hajapanda boti: mwongozo wa kuunganisha zana za mtandao katika maktaba ndogo

Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumanne. Msichana wa kidato cha tatu aliingia maktabani kwetu Kigoma, viatu mkononi, pindo la sketi limelowa maji ya ziwa. Alikuwa ametoka Mwamgongo kwa boti ya asubuhi, akashukia Kibirizi, akapanda bodaboda hadi mlangoni kwetu. "Shikamoo madam. Nimekuja kuazima kile kitabu cha Baiolojia alichotuambia mwalimu."

Nikafungua daftari la mikopo. Kitabu kilikuwa kimeondoka siku nne kabla, kipo kwa mtu wa Mwanga, mtaa wa pili tu. Nilimwambia, akaitikia "sawa madam", akakaa kwenye benchi kusubiri saa ya boti ya kurudi. Nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya masomo vilikwenda, na alichopata ni neno moja: hakipo.

Jibu lile lilikuwa ndani ya daftari langu tangu Ijumaa. Halikuwa na njia ya kutoka humo kumfuata yeye Mwamgongo. Kazi yote ninayoieleza hapa ilianza kwa kutafuta njia hiyo. Sikununua programu wala kuajiri mtaalamu. Nilichukua zana za bure zilizopo mtandaoni nikaziunganisha, kila moja ikifanya kazi yake ndogo. Mwaka 2005 mwandishi wa programu Paul Rademacher alichukua matangazo ya nyumba ya tovuti ya Craigslist akayaweka juu ya ramani ya Google. Matangazo hayakuwa yake na ramani haikuwa yake, ila mtu aliyekuwa akitafuta chumba sasa aliona kilipo. Maktaba nyingi duniani zikafuata njia hiyo. Kwa Kiswahili naiita mseto: choroko na mchele kila kimoja kina kazi yake, lakini vikipikwa pamoja unapata chakula kingine.

Hatua ya kwanza: daftari la maswali

Kabla ya kugusa kompyuta, weka daftari mezani kwa wiki moja. Andika kila swali unaloulizwa, kwa maneno ya muulizaji mwenyewe. Usilisafishe. Kwetu yaliyojirudia yalikuwa haya: "Kipo?", "Jumamosi mnafungua saa ngapi?", "Mna vitabu vya hadithi vya mtoto wa darasa la pili?", na "Past paper za NECTA mnazo?" Hakuna aliyeuliza kama tuna tovuti.

Naisisitiza hatua hii kwa sababu nimeona maktaba zikianza na zana. Mtu anahudhuria semina, anarudi na hamu ya kufungua kurasa kila mahali, na baada ya miezi mitatu kurasa zote zimelala. Zana ichaguliwe na swali.

Hatua ya pili: akaunti na laini ziwe za maktaba

Fungua akaunti ya Google kwa jina la maktaba. Nunua laini ya simu ya maktaba na uisajili kwa jina la taasisi. Kwenye kazi zetu uhamisho ni jambo la kawaida, na mwenzetu akihamishwa Kibondo huku namba ya kuthibitisha nywila iko kwenye simu yake binafsi, maktaba inafungiwa nje ya kazi yake yenyewe. Andika nywila kwenye karatasi, tia kwenye bahasha, funga, mkabidhi mkuu wa ofisi.

Hatua ya tatu: jedwali la vitabu

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na hapana njia ya mkato. Fungua faili la Google Sheets, ukurasa wa kwanza uite Vitabu. Safu ziwe hivi: A namba ya kitabu, ile iliyogongwa muhuri ukurasa wa kwanza, B ISBN (namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu), C jina la kitabu, D mwandishi, E rafu kilipo, F hali.

ISBN ndiyo ufunguo wa mseto wote, kwa hiyo iandike kwa uangalifu. Tangu mwaka 2007 ina tarakimu 13. Vitabu vya kabla ya hapo vina 10. Iandike bila vistari na bila nafasi. Kitabu cha Tanzania utakitambua mara moja, maana baada ya 978 inafuata 9976 au 9987. Cha Kenya ni 9966.

Sasa mtego wenyewe. Vitabu vya zamani vilivyochapwa Uingereza, na tunavyo vingi vya msaada, ISBN zake huanza na 0. Ukiandika 0435 na kuendelea, Google Sheets inadhani ni hesabu, inakata ile sifuri, na namba inabaki na tarakimu tisa zisizo na maana. Tuliingiza vitabu vya rafu mbili nzima kabla ya kugundua. Dawa ni kuchagua safu za A na B zote kabla hujaandika chochote, uende "Format", kisha "Number", kisha "Plain text". Na ukikuta herufi X mwishoni mwa ISBN ya tarakimu 10, usiifute. Ni sehemu ya namba.

Vitabu visivyo na ISBN kabisa, hasa vya miaka ya sitini na sabini, acha safu ya B wazi. Usibuni namba.

Kwa vitabu vya Kiswahili ambavyo hujui uvipange wapi, tafuta kwenye katalogi ya Library of Congress ya Marekani, ambayo ni bure na iko wazi kwa yeyote. Wana ofisi Nairobi tangu mwaka 1966 inayonunua vitabu vya Afrika Mashariki, kwa hiyo utashangaa kukuta kitabu kilichochapwa Dar es Salaam kimeshaorodheshwa kule na mada zake zote. Namba ya Dewey, ile ya kupangia vitabu rafuni kwa mada, nayo ikiwepo, inakili tu.

Ukipanga vitabu arobaini kwa siku, rafu tano za kawaida zinaisha ndani ya mwezi. Umeme ukikatika, andika kwenye karatasi, utaingiza ukirudi.

Hatua ya nne: mikopo

Ukurasa wa pili wa faili lilelile uite Mikopo. A tarehe ya kuazima, B namba ya kitabu, C jina la msomaji, D simu, E tarehe kilipokuja kurudishwa. Safu ya B uifanye "Plain text" pia. Kitabu kikiondoka unajaza A hadi D. Kikirudi unajaza E. Basi.

Kisha rudi ukurasa wa Vitabu, kisanduku cha F2, uandike:

=IF(COUNTIFS(Mikopo!B:B,A2,Mikopo!E:E,"")>0,"Kimeazimwa","Kipo")

Maana yake: angalia kwenye mikopo kama kitabu hiki kina mkopo ambao tarehe ya kurudisha bado haijaandikwa. Kama upo, sema kimeazimwa. Kama haupo, sema kipo. Vuta fomula hadi mstari wa mwisho. Kuanzia hapo hali ya kila kitabu inajibadilisha yenyewe, wewe unashughulika na mikopo tu. Daftari la karatasi usilitupe. Sisi tunaandika kwanza kwenye daftari mbele ya msomaji, tunaingiza kwenye jedwali mtandao ukiwepo, na hakuna jioni tunayofunga kabla havijalingana.

Hatua ya tano: kinachotoka nje na kinachobaki ndani

Nakuomba usiruke sehemu hii hata kama una haraka.

Mwanzoni nilichukua linki ya faili lote nikaitupa kwenye kundi la WhatsApp la wasomaji, nikifurahi kwamba sasa kila mtu ataona vitabu. Sikufikiria kwamba ukurasa wa Mikopo ulikuwa pale pale, unabofya tu. Mama mmoja alikuwa ameazima kitabu kinachoeleza sheria ya ndoa na haki za mke kwenye mali. Shemeji yake alikuwa kwenye kundi. Siku mbili baadaye mama yule alikuja, akakirudisha kitabu hakijaisha kusomwa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, ungeniambia kwamba mnatangaza." Niliomba radhi. Hakuazima tena kwa muda mrefu. Anachosoma mtu ni siri kati yake na maktaba, na mimi niliitoa siri ile nje kwa uzembe.

Kuna sheria pia: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na jina la mtu na namba yake ya simu ni taarifa binafsi. Lakini hata sheria isingekuwepo, mama yule anatosha.

Kwa hiyo tengeneza faili la pili kabisa, uliite Katalogi ya Wazi. Usifiche kurasa ndani ya faili moja. Kilichofichwa kinaweza kufichuliwa. Kwenye A1 ya faili jipya andika:

=IMPORTRANGE("linki ya faili la kwanza","Vitabu!A:F")

Mara ya kwanza itaonyesha #REF!. Usishtuke. Weka mshale juu yake, bofya kitufe cha kuruhusu, na orodha itashuka yote. Faili hili linabeba vitabu na hali zake tu. Nani amekiazima, halijui. Hili ndilo utakaloliweka hadharani: "File", "Share", "Publish to web". Anayelifungua hahitaji akaunti yoyote, na ukurasa ni mwepesi kwa bando dogo. Badiliko la mikopo linaweza kuchukua dakika kadhaa kufika huku nje, hivyo kitabu kikiazimwa sasa hivi usitegemee msomaji aone hivyo papo hapo.

Waeleze wasomaji jinsi ya kutafuta: kwenye Chrome ya simu wabonyeze vidoti vitatu, wachague "Find in page", waandike neno moja la jina la kitabu.

Hatua ya sita: majalada

Watoto, na hata wakubwa, wanakumbuka kitabu kwa sura yake. "Kile chenye mamba mbele." Open Library, mradi wa Internet Archive, unatoa picha za majalada bure kwa kutumia ISBN. Kwenye Katalogi ya Wazi, kisanduku cha G2:

=IF(B2="","",IMAGE("https://covers.openlibrary.org/b/isbn/"&B2&"-S.jpg"))

Herufi S ni picha ndogo. M ni ya kati na L ni kubwa. Baki na S. Msomaji wa Kalalangabo aliyenunua bando la siku hana sababu ya kulimaliza kwa picha zako. Vuta fomula chini kwa rafu ya watoto na ya hadithi kwanza. Vitabu vya kiada vinaweza kusubiri, kwani mwanafunzi anavijua kwa jina.

Siku ya kwanza majalada yalipojitokeza moja baada ya jingine kwenye kioo, nilikaa nikiyatazama. Vitabu vilivyokuwa na vumbi rafuni vilionekana kama vimefika jana.

Utakachokiona pia ni nafasi tupu, na nyingi zitakuwa za vitabu vya Kiswahili. Hilo linaniuma, ila linatibika. Open Library inaruhusu yeyote kufungua akaunti, kuongeza kitabu kisichokuwepo na kupakia picha ya jalada lake. Kiweke kitabu karibu na dirisha asubuhi, piga picha kwa simu ukiwa umesimama juu yake, kata kingo, pakia. Tunafanya vitabu vitano kila Alhamisi. Maktaba ya Tabora au Mombasa yenye kitabu hichohicho itapata picha bila kujua ilitoka wapi.

Hatua ya saba: kitufe cha "Niwekee"

Sasa yule msichana ameona kwamba kitabu kipo. Bado anaweza kupanda boti na kukuta kimechukuliwa saa moja kabla hajafika. Kwenye H2 andika:

=HYPERLINK("https://wa.me/255XXXXXXXXX?text="&ENCODEURL("Naomba niwekewe kitabu namba "&A2&", "&C2),"Niwekee")

Badala ya X weka namba ya maktaba, ukianza na 255 na kuacha sifuri ya mbele. Msomaji akibofya, WhatsApp yake inafunguka na ujumbe umeshaandikwa. Anaongeza jina na siku atakayokuja, anatuma. Wewe unakitoa kitabu rafuni, unachomeka karatasi yenye jina lake, unakiweka nyuma ya meza. Sisi tunakishikilia siku mbili, na kwa wanaokuja kwa boti siku nne, maana ziwa likichafuka boti haitoki na hilo si kosa lao.

Tumia WhatsApp Business kwenye laini ya maktaba. Ni bure, na inakuruhusu kuandaa majibu ya haraka. Saa za kufungua ziandike mara moja, lile swali la Jumamosi litajibika kwa kubofya.

Njia hiyohiyo inafaa kukumbusha. Kwenye ukurasa wa Mikopo ongeza safu ya siku ya mwisho, =A2+14, na linki ya WhatsApp yenye ujumbe wa upole kwenda kwa namba iliyo safu ya D. Tuma kwa mtu mmoja mmoja. Usitaje wachelewaji kundini.

Wenye kiswaswadu je? Ndio wengi wa wazazi, na usiwaache. Wao wanapiga au kutuma meseji ya kawaida, na wewe ndiye unayefungua jedwali na kumjibu. Mseto huu unamsaidia mkutubi kabla ya kumsaidia mwenye simu janja: zamani nikipigiwa nilikuwa naacha simu mezani niende rafuni; sasa namjibu kabla vocha yake haijaisha.

Hatua ya nane: linki ifike palipo na watu

Linki ya Google ni ndefu, hakuna atakayeiandika. Fungua Katalogi ya Wazi kwenye Chrome, tumia kipengele cha kutengeneza msimbo wa QR (alama ya mraba inayosomwa na kamera ya simu) kilichomo humo humo, chapisha. Jihadhari na tovuti zinazotoa QR "za bure" zinazopitia kwao kwanza. Muda wa majaribio ukiisha msimbo unakufa na karatasi zako zote ukutani zinageuka takataka.

Tulibandika ya kwanza maktabani na ya pili Kibirizi, karibu na wanapokatia nauli, baada ya kuzungumza na wakubwa wa pale. Chini ya msimbo tumeandika namba ya simu kwa tarakimu kubwa. Walimu wa shule za ziwani wanaipiga picha na kuipeleka kwenye makundi yao.

Hatua ya tisa: vile ambavyo huna rafuni

Kitabu kikiwa kimeazimwa, msomaji asiondoke mikono mitupu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, kwenye ol.tie.go.tz. Weka linki yake juu kabisa ya katalogi. Kwa wadogo, African Storybook wana hadithi za picha kwa Kiswahili zilizo huru kuchapishwa. Tumechapa kadhaa, tukashona kwa uzi, tukazipa namba na kuziingiza kwenye jedwali kama kitabu kingine chochote.

Na kwa siku mtandao unapokosekana kabisa, pakua Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti, kwenye kompyuta ya maktaba, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili. Unaipakua mara moja tu, usiku bando likiwa nafuu. Kompyuta ikishaunganishwa na kipanga njia cha Wi-Fi, hata kisicho na intaneti, Kiwix inaweza kuigawa kwa simu zote zilizomo chumbani. Mwanafunzi anayetaka kujua kina cha Ziwa Tanganyika anasoma hapo hapo kuwa ni karibu mita 1,470, bila senti.

Ramani tumeijaribu pia, kwa OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, kuonyesha shule zinazopokea masanduku yetu ya vitabu. Inapendeza kuwaonyesha wageni. Wasomaji hawajaiulizia, nami sijairudia.

Vitabu vyako vikifika maelfu mengi, au ukiwa na matawi, jedwali litaanza kuelemewa. Hapo hamia Koha, mfumo wa maktaba wa bure uliozaliwa New Zealand na kuanza kazi mwaka 2000. Unasoma majalada ya Open Library wenyewe, na jedwali lako, kama uliandika ISBN vizuri, litaingia humo bila kuanza upya.

Kila mwisho wa mwezi

Zana hizi si zetu. Yahoo Pipes, iliyotegemewa na wengi kuunganishia kurasa, ilizimwa mwaka 2015. Goodreads, tovuti ya wasomaji wa vitabu, waliacha kutoa funguo mpya za kuchota data zao mwishoni mwa 2020, na waliojenga juu yake wakaachwa barabarani. Kwa hiyo Ijumaa ya mwisho ya mwezi fungua faili la kwanza, nenda "File", "Download", uchague CSV (faili la jedwali linalofunguka kwenye programu nyingi), upakue ukurasa wa Vitabu na kisha wa Mikopo. Weka tarehe kwenye jina la kila faili. Nakili kwenye flashi mbili: moja ikae kabatini maktabani, na kwa kuwa ya Mikopo ina majina ya watu, kabati liwe na kufuli. Nyingine, yenye Vitabu peke yake, nenda nayo nyumbani.